Peyton Manning 2013: mzee wa miaka 37 aliwezaje kuanza msimu namna ile?

Kila mwaka NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikianza, mwezi wa tisa hivi, lazima atokee kwotabeki (yule mrusha mpira wa timu) mmoja mkongwe aanze moto mpaka watu waseme huyu kazaliwa upya. Kwangu mimi mfano mkubwa kuliko yote bado ni Peyton Manning akiwa na Denver Broncos mwaka 2013, na naona watu wengi wanaukumbuka vibaya. Ukimuuliza mtu atakwambia jamaa alikuwa na mkono wa hatari, kumbe mkono ndio kitu ambacho hakuwa nacho tena. Ishu yote iko hapo, na nataka tuifungue taratibu, hata wewe ambaye hujawahi kukaa ukaangalia mpira wa Kimarekani dakika kumi mfululizo utaelewa.

Tuanze na alichofanya maana bila namba mtu hawezi kupata picha. Tarehe 5 Septemba 2013, mechi ya kwanza kabisa ya msimu, Broncos wako nyumbani na Baltimore Ravens, mabingwa watetezi. Kawaida bingwa mtetezi ndiye anafungua msimu kwake lakini Baltimore timu ya baseball ya Orioles ilikuwa na mechi siku hiyo hiyo na viwanja viko jirani, kwa hiyo Ravens wakalazimika kusafiri. Radi ikachelewesha mechi zaidi ya nusu saa. Mpaka mapumziko Ravens wanaongoza 17 kwa 14. Mwisho wa mechi ubao unasoma 49 kwa 27, na Manning peke yake karusha pasi 7 za tachidauni, yaani za kufunga. Saba! Mara ya mwisho mtu kufanya hivyo kwenye ligi ile ilikuwa 1969, Joe Kapp wa Minnesota Vikings. Na pointi zote 49 za Denver zilitokana na pasi zake, hakuna hata tachidauni moja iliyopatikana kwa njia nyingine.

Basi ukidhani ilikuwa bahati ya usiku mmoja, akaendelea. Wakaenda New York wakampiga mdogo wake Eli na Giants 41 kwa 23. Wakarudi nyumbani wakapiga Oakland Raiders 37 kwa 21, usiku ule Manning alirusha pasi 37 zikafika 32. Wakapiga Philadelphia Eagles 52 kwa 20. Mechi nne, pasi za tachidauni 16, pasi iliyonaswa na mpinzani sifuri. Mechi ya tano ilikuwa Dallas, 51 kwa 48, hiyo nitairudia maana ni filamu. Ukijumlisha mechi tano: pasi 198, zilizofika 150, yadi 1,884, tachidauni 20, iliyonaswa moja tu. Timu ilikuwa imefunga pointi 230. Na huyu ni mtu wa miaka 37 ambaye miaka miwili nyuma alikuwa hawezi kurusha mpira yadi kumi, na hilo silisemi kwa kutia chumvi.

Sasa kwa wageni, haraka haraka. Timu ni watu 11 kwa 11, uwanja una yadi 100. Ukiwa na mpira unapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, ukifanikiwa unapewa mengine manne, hivyo hivyo mpaka uingie eneo la mwisho la mpinzani, hiyo ndiyo tachidauni, pointi 6, halafu unapiga teke la nyongeza la pointi 1. Kwotabeki ndiye anapokea mpira mwanzo wa kila jaribio kutoka kwa senta aliyeinama mbele yake, halafu anaamua, ampe mkimbiaji au arushe pasi kwa mmoja wa wapokeaji waliotawanyika. Anafanya hayo huku mijitu ya kilo 120 na kuendelea inamfuata imwangushe. Ana sekunde mbili, tatu akiwa na bahati. Kwa hiyo kwotabeki akichelewa kuamua, hata awe na mkono wa chuma, amekwisha.

Turudi kwenye ule mkono, maana tatizo lilianzia shingoni. Manning alikuwa Indianapolis Colts tangu 1998, alichukuliwa namba moja kwenye drafti, pale timu zinapogawana wachezaji wapya, akawapa Super Bowl, ubingwa wa ligi, msimu wa 2006, alikuwa mfalme wa mji. Halafu shingo ikaharibika. Neva zilizobanwa shingoni ndizo zinazoendesha mkono wa kulia, mkono wa kurushia, kwa hiyo misuli ikaanza kukosa nguvu. Akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, ule mkubwa wa kuunganisha pingili ukafanyika Septemba 2011, na msimu mzima wa 2011 hakucheza hata mechi moja. Kuna kisa chake kimoja ambacho kila nikikumbuka roho inaniuma. Mwaka huo 2011 ligi ilikuwa imefungia wachezaji nje kwa sababu ya mgogoro wa mikataba, kwa hiyo Manning akaenda kimya kimya Denver kufanya mazoezi na rafiki yake Todd Helton, mchezaji wa baseball wa Colorado Rockies, waliyesoma naye chuo kikuu Tennessee. Akarusha pasi ya kwanza, mpira ukaenda yadi chache ukadondoka chini. Helton akadhani anatania. Jamaa hakuwa anatania, ule ndio ulikuwa uwezo wake wote siku ile.

Machi 2012 Colts wakamwachia, wakamchukua kijana Andrew Luck, na Broncos wakambeba Manning kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 96. Wengi waliona ni kamari. Mkono ulirudi lakini haukurudi wote, vidole vilikuwa na ganzi mpaka akaanza kuvaa glavu mkono wa kurushia ili ashike mpira vizuri. Pasi zake za mbali zilikuwa zinayumba hewani, hazina ule mzunguko mkali unaouona kwa vijana. Yeyote aliyekuwa anaangalia aliliona hilo, halikuwa siri.

Alifanyaje basi? Jibu langu ni moja, alihamisha kazi. Kwotabeki kijana anapokea mpira ndipo anaanza kutafuta nani yuko wazi, na mkono wake unamsamehe akichelewa, kwa sababu anaweza kuusukuma mpira ukafika tu. Manning wa 2013 hakuwa na msamaha huo, kwa hiyo kazi ya kutafuta aliimaliza kabla mpira haujatolewa. Fundi wa bao anapogusa kete huwa ameshahesabu mpaka itakapolala, na Manning akishika mpira alikuwa ameshamaliza hesabu, kilichobaki ni kuutuma tu. Sekunde mbili na ushee mpira umeshaondoka mkononi. Msimu mzima, pasi 659, aliangushwa na mpira mkononi mara 18 tu, kwa mtu ambaye hata alipokuwa kijana alikuwa hajui kukimbia hiyo ni ajabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa inafanyikaje, hapa ndipo utamu ulipo. Kati ya tukio na tukio kuna saa ya sekunde 40. Timu nyingi zinatumia muda huo kukusanyika duara, kwotabeki anawaambia mchoro alioletewa na kocha kwenye spika ya helmeti, wanavunja duara wanajipanga, mpira unatolewa. Broncos mara nyingi hawakukusanyika. Wanafika kwenye mstari mapema, saa bado ina sekunde 20 hivi, halafu Manning anaanza yale mambo yake, anatembea kulia, ananyoosha kidole kwa beki, anapiga kelele, anamgusa mkimbiaji amhamishe upande, anajifanya anaomba mpira halafu haombi. Yote ile si maigizo. Anataka difensi, wale wanaozuia, ijifichue. Difensi nzuri inaficha nia yake mpaka sekunde ya mwisho, inajifanya inakaba mtu kwa mtu kumbe inakaba eneo, inajifanya itatuma watu wanne kumfuata kumbe sita. Ukipiga kelele kama mpira unatolewa, beki aliyekuwa anajificha anacheza kidogo, mguu mmoja unasogea, na huo mguu mmoja ndio alikuwa anautafuta. Akishauona anabadilisha mchoro pale pale, na sekunde 10 bado zipo.

Kutokukusanyika kuna faida nyingine ambayo watu wanaisahau. Kama wewe hujabadilisha wachezaji, waamuzi hawalazimiki kumpa mpinzani muda wa kubadilisha wake, kwa hiyo yale mijitu ya mbele yanabaki uwanjani yanahema. Na Denver iko juu, karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ni kama Nairobi tu ukipunguza kidogo. Mtu wa kilo 140 anayetoka Baltimore, ufukweni kabisa, umkimbize robo tatu bila kumpumzisha pale juu, robo ya nne unamkuta amekuwa mti. Pasi tano kati ya zile saba za tarehe 5 Septemba zilikuja kipindi cha pili, na mwinuko ule ulichangia.

Sasa angalia pasi yenyewe, hii naomba uitafute uiangalie kama unaweza. Ile ya saba usiku ule imeandikwa yadi 78 kwenda kwa Demaryius Thomas. Mtu anayesoma gazeti asubuhi anaona yadi 78 anasema duh, shingo imepona kabisa. Lakini mpira ulirushwa kando, karibu pale pale kwenye mstari, pasi ya kumpa tu mtu mkononi, halafu Thomas, mtu wa kilo 100 na mbio za farasi, walinzi wa mbele, wenzake wanaowazuia wapinzani, wakamfungulia njia akakimbia mwenyewe mpaka mwisho. Kwenye kitabu cha takwimu yadi zote 78 ni za Manning. Sitaki kumpunguzia sifa, kwa sababu kuona kwamba upande ule kuna mabeki wachache kuliko walinzi wetu ndiyo kazi ngumu yenyewe, ila ujue namba inaficha nini. Namba ya yadi haikuambii mpira ulikaa hewani kiasi gani na miguu ilifanya kiasi gani.

Hapo tunaingia kwa wenzake, maana mzee peke yake hafiki popote. Broncos walikuwa tayari na wapokeaji Demaryius Thomas na Eric Decker, halafu Machi 2013 wakamtoa Wes Welker New England, mtu mfupi anayecheza ndani, fundi wa kupokea pasi fupi katikati ya msitu. Mpokeaji kama huyo ndiye hasa anamfaa kwotabeki ambaye mkono umepungua. Juu ya hapo akaibuka Julius Thomas, huyu chuoni alikuwa mcheza basketi, mpira huu aliucheza chuoni mwaka mmoja tu, na kwa misimu miwili ya kwanza Denver alikuwa amepokea pasi moja tu. Mechi ya Ravens akafunga mbili. Ravens hawakuwa na mkanda wake wa kusoma! Mwisho wa msimu Broncos walikuwa na watu watano waliofunga tachidauni 10 au zaidi kila mmoja, hao wanne na mkimbiaji Knowshon Moreno. Difensi ukimkaba mmoja, Manning ameshaona uliyemwacha, na unamwacha lazima kwa sababu huna mabeki watano wa daraja la kwanza, hakuna timu inao.

Na wapinzani je? Hili watu wa Denver hawapendi ulitaje lakini ni haki kulitaja. Ravens wale walikuwa mabingwa kwa jina, nguzo zao za difensi zimeondoka, Ray Lewis ameshastaafu, Ed Reed ameshahamia Houston, mwisho wa msimu walimaliza na ushindi 8 na vipigo 8. Giants walianza kwa kupoteza mechi sita mfululizo. Raiders walimaliza na ushindi 4. Difensi za Eagles na Cowboys zilikuwa miongoni mwa zilizoruhusu yadi nyingi kabisa mwaka ule. Kwa hiyo ratiba ilimpenda. Tena ligi yenyewe tangu 2004 ilikuwa imekaza sheria ya beki kumgusa mpokeaji, kila mwaka kupasi kunakuwa rahisi zaidi ya jana, ndiyo maana miezi miwili tu baada ya Manning, Nick Foles wa Eagles naye akarusha tachidauni saba kwenye mechi moja, na Foles hajawahi kuwa Manning. Mechi moja inaweza kumtokea mtu mzuri wa kawaida. Mechi tano za hivyo mfululizo hazimtokei, hata ratiba iwe nyepesi vipi, na hapo ndipo mimi nasimama: ratiba ilimsaidia kwenye ukubwa wa namba, haikumtengenezea ufundi.

Dallas sasa, tarehe 6 Oktoba. Tony Romo wa Cowboys alicheza mechi ya maisha yake, yadi 506, tachidauni 5, na bado akapoteza. Manning yadi 414, tachidauni 4, na hapo ndipo pasi yake ya kwanza ya msimu iliponaswa. Kuna tukio liko robo ya pili, Broncos wako yadi moja kutoka mwisho, Manning akajifanya anampa Moreno mpira, danganya toto safi kabisa, uwanja mzima ukamrukia Moreno, na mzee akauficha mpira pajani akatembea kushoto taratibu peke yake, hakuna hata mtu wa kumgusa, akaingia. Tachidauni yake ya kwanza kwa miguu tangu 2008. Mwishoni 48 kwa 48, zimebaki kama dakika mbili, Romo anarusha, Danny Trevathan anainasa. Trevathan huyu huyu kwenye mechi ya Ravens alinasa pasi akakimbia nayo akaanza kusherehekea akauachia mpira kabla hajavuka mstari, tachidauni ikapotea, kwa hiyo nilifurahi sana kwa ajili yake. Halafu Manning akafanya kitu cha kikubwa. Broncos walifika karibu kabisa na mstari, wangeweza kufunga, lakini wangemrudishia Romo mpira na muda. Moreno akaambiwa achukue yadi inayohitajika tu kupata majaribio mapya, asiingie. Akachukua, akaanguka, saa ikaachwa ikaisha, Matt Prater akapiga teke la yadi 28 kati ya milingoti, la pointi 3, mechi ikiisha. Kwenye takwimu za Manning tukio hilo halina thamani yoyote, lakini ndilo lililoshinda mechi, na linaonyesha alichokuwa anakifanya muda wote ni kuhesabu.

Mfumo wa hivyo una pa kuvunjikia pia. Mechi ya pili tu, New York, mlinzi wa kushoto Ryan Clady aliumia mguu msimu ukaishia hapo. Huyo ndiye analinda mgongo wa kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia, upande ambao haoni. Akaingia Chris Clark, ikaenda vizuri kwa wiki kadhaa kwa sababu mpira ulikuwa unatoka mapema. Tarehe 20 Oktoba Manning akarudi Indianapolis kucheza na Colts yake ya zamani, watu wakampigia makofi wakiwa wamesimama, halafu Robert Mathis akampita Clark akampiga Manning kwa nyuma mpira ukachoropoka mpaka eneo la mwisho la Denver wenyewe, pointi mbili kwa Colts, na Denver ikapoteza kwa mara ya kwanza, 39 kwa 33. Dawa ikajulikana: mzuie asipate ile sekunde ya tatu, na wale wanaopokea karibu waangushe pale pale. Msimu ulimalizika kwa tachidauni 55 na yadi 5,477, rekodi zote mbili, timu ikafunga pointi 606, akawa mchezaji bora wa ligi kwa mara ya tano. Halafu Super Bowl, Februari 2, 2014, Seattle Seahawks wakawapiga 43 kwa 8. Unajua alifikisha pasi ngapi usiku ule? 34, rekodi ya Super Bowl wakati huo. Pasi zile zile fupi, zilizofika, ila mabeki wa Seattle hawakuruhusu mtu kukimbia nazo hata hatua tano. Ile ya yadi 78 ya Septemba, kwa Seattle ingekuwa ya yadi 3.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo, kwotabeki wangu mkongwe ameanza msimu vizuri, niamini? Mimi namwambia angalia mpira unakaa mkononi muda gani, angalia nani yuko upande wake wa kushoto, angalia yadi ngapi ni za hewani, halafu angalia kalenda. Septemba mwili wa mzee umetoka kupumzika na hali ya hewa ni nzuri, mpira ni laini mkononi. Mwaka 2014 Manning alianza karibu sawa na 2013, mechi saba tachidauni 22 na zilizonaswa 3, kati kati ya Oktoba akaipita rekodi ya Brett Favre ya tachidauni 508 za maisha. Desemba akaumia paja, pasi zikaanza kuelea, na Januari 2015 Colts wakamtoa nyumbani kwake 24 kwa 13. Ukiweka mikanda ya Oktoba ya miaka ile miwili pembeni kwa pembeni, mimi nimeiangalia, huoni tofauti.